Tazama Sahihi, Usitazame Vigae

Kila msimu wa udahili lazima nisikie chuo cha udaktari kikisifiwa kwa vigae. Safari hii ni mzazi aliyempeleka binti yake kuzungushwa kwenye jengo jipya la ghorofa. Wakaonyeshwa midoli ya kujifunzia na skrini za ukutani, wakarudi nyumbani wameshaamua. Binti ana nafasi vyuo vitatu, na hakuna hata kimoja ambacho walikanyaga wodi yake. Inaniudhi. Shahada ya udaktari, MD, ni miaka mitano, na interni mwaka mzima juu yake. Kuanzia mwaka wa tatu binti huyo atashinda wodini, jengo lile atalipita tu akienda kula.

Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri, na muda wenyewe ni mfupi. Usiumalize kwa kuulizia hosteli. Ulizia kwanza hospitali iko wapi. Muhimbili pale Upanga, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, darasa na wodi ni majirani: mgonjwa akiletwa saa nane usiku, mwanafunzi mwenye hamu anaweza kuwa kitandani kwake saa nane na robo. Chuo kinachopakia wanafunzi kwenye basi kwenda kutafuta wagonjwa sikipi alama. Mkutano wa asubuhi uanze kabla ya saa mbili. Kadava moja, maiti ya kujifunzia, isizungukwe na wanafunzi zaidi ya kumi, maana wa kumi na moja anasoma migongo ya wenzake.

Hayo yote mgeni akiwa makini atayaona. Asichokiona kamwe ni logibuku, daftari ambamo mwanafunzi huandika kazi alizofanya wodini na msimamizi huzisainia.

Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano, mwombe akufungulie yake. Usihesabu kazi alizofanya, tazama sahihi. Logibuku ya chuo kinachofundisha haina sura nzuri. Wino wa bluu, mweusi, mwekundu, tarehe zimeachana, sahihi ya resident, yule daktari anayesomea ubingwa, chini yake ya mkunga wa zamu, halafu ya bingwa. Ukurasa wa leba una doa la ayodini. Na mahali fulani utakuta mwanafunzi ameandika “nimefanya”, msimamizi amekata mstari na kuandika juu yake “amesaidia”. Mkato huo ndio ninaoutafuta. Ina maana kuna mtu alisimama pale akatazama mikono ya mwanafunzi, na hakuona haya kumwambia ukweli.

Sasa fungua ya chuo kisichofundisha. Ukurasa mzima kalamu moja, mkono mmoja, sahihi zimelala upande mmoja. Kazi za wiki nane, wino wa dakika mbili. Katika chuo kimoja nilimwona kiongozi wa darasa akikusanya logibuku za kundi zima kwenye mfuko wa rambo, Ijumaa ya mwisho ya rotesheni, akampelekea daktari bingwa kwenye maegesho. Zikasainiwa juu ya boneti ya gari, na wanafunzi wakamsifu kuwa ni mtu wa watu. Mmoja wao nilimkuta baadaye akiwa interni. Logibuku ilisema amezalisha akina mama 20. Mikono yake haikujua kulinda msamba.

Namlinganisha bingwa yule wa maegesho na sista mmoja wa leba, mkunga wa miaka mingi, ambaye hakuwahi kumsainia mtu bila kumuuliza: mgongo wa mtoto uko upande gani? Unajibu kwa kupapasa tumbo, kabla hujagusa fetoskopu. Kijana mmoja alibahatisha, “kushoto, sista.” Alirudishiwa logibuku yake ikiwa nyeupe, na ilibaki nyeupe mpaka aliporudi zamu ya usiku ya tatu na kuonyesha kwa vidole mgongo ulipo, matako yalipo, na kichwa kimeshuka kiasi gani. Leo ni bingwa wa uzazi, na wanafunzi wake anawauliza swali lilelile.

Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, madarasa yakiwa madogo. Waliotoka mikononi mwa walimu wa kizazi kile walitufundisha sisi kwa kutushika mkono na kuuweka juu ya kifua cha mgonjwa, gonga hapa, sikia, gonga tena. Asiyelijua jina la mgonjwa wake hakupresenti kesi siku hiyo. Raundi za leo zina watu thelathini, na wa nyuma wako kwenye simu.

Kama dirisha la kuthibitisha litafungwa kabla hujapata nauli, mpigie mwanafunzi wa pale jioni, akishatoka wodini. Mwambie afiche namba za wagonjwa, akutumie picha ya ukurasa mmoja tu, wa rotesheni ya uzazi. Akisita, muulize nani alimsainia mara ya mwisho, na alimuuliza nini kabla ya kusaini.