Pumzi tano kabla ya alama nyeusi

Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni wilayani Karatu. Watu 35 walifariki, 32 kati yao wanafunzi. Watoto watatu walinusurika. Wasafiri wa STEMM, shirika la Kimarekani, walifika mapema wakashirikiana na wananchi kuwatafuta wenye mapigo ya moyo.

Kazi ya kuamua nani aokolewe kwanza ina utaratibu. Kanuni ya START, iliyobuniwa California mwaka 1983, hupanga majeruhi kwa rangi: nyekundu aondolewe kwanza, njano anaweza kusubiri, kijani anatembea, nyeusi hana tumaini. Mtu mzima asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa nyeusi, kwani mara nyingi moyo wake umekwisha kusimama. Kwa mtoto mdogo, mara nyingi pumzi hukatika kwanza na moyo huendelea kupiga kwa muda. Muda huo mfupi ndio wa kumwokoa.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 Dkt. Lou Romig wa Miami alitunga JumpSTART, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 8. Mtoto asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa. Akibaki vilevile na mshipa unapiga, hupuliziwa pumzi tano. Akianza kupumua, ni nyekundu. Viwango navyo ni tofauti: mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu, mtoto ni chini ya 15 au zaidi ya 45, maana mtoto mdogo mwenye afya huweza kupita 30. Umri usipojulikana, umbo huamua: anayeonekana mtoto hupimwa kitoto, anayeonekana kijana hupimwa kama mkubwa.

Katika eneo la mbali kama Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, kanuni hizi zina uzito wa pekee. Hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini, mwendo mrefu wa kona na miteremko. Ajali ikitokea, gari la kwanza kufika laweza kuwa basi la abiria au lori la mboga, na nafasi ni chache. Uamuzi wa nani apakiwe kwanza utafanywa na mwalimu, dereva wa bodaboda au mwenyekiti wa kitongoji. Hao ndio wafundishwe sasa kuhesabu pumzi, kushika mshipa na kupulizia mara tano. Mafunzo hayo hayahitaji mashine.