Kuruka na Kuondoka: Istilahi za Urubani Zikitazamwa Kutoka Madogo

Waundao istilahi za usafiri wa anga wamezoea kuhesabu mapengo, yaani neno gani la Kiingereza halijapata mwenziwe wa Kiswahili. Hesabu hiyo yapotosha. Msemaji aliyeko Madogo, mkabala na Garissa ng'ambo ya Mto Tana, hapungukiwi maneno. 'Ndege ameruka' ni korongo aliyeuacha ukingo wa mto. 'Ndege imeruka' ni chombo kilichokiacha kiwanja cha Garissa. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuwatenga bila ya kamati yoyote. Rubani naye alikuwa mjuzi wa bahari kabla hajapanda angani.

Udhaifu umo katika kutoweka mipaka baina ya maneno yaliyopo. Waandishi wa habari hutumia 'imeruka' na 'imeondoka' kana kwamba ni neno moja. Katika masimulizi hilo si kosa kubwa. Katika redio ya rubani laweza kuua. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, marubani wa KLM walipewa maelezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka. Hiyo haikuwa ruhusa ya kuruka, lakini neno lenyewe lilikuwamo, na ndege ikaanza kukimbia. Msaidizi wa rubani aliposema kwa Kiingereza chenye utata kuwa sasa wamo katika kuruka, mwongoza ndege alidhani wangali wakingoja. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ya Pan Am ilikuwa bado njiani. Watu 583 walikufa. Baadaye kanuni zikalitenga neno hilo: hutamkwa tu ruhusa itolewapo au ifutwapo, na penginepo husemwa kuondoka.

Kiswahili, basi, kinayo jozi hiyo hiyo, ila hakijaitia nidhamu. Ni kweli kuwa redioni nchini Kenya hutumika Kiingereza. Lakini abiria, mwanafunzi na msomaji wa taarifa ya ajali huelezwa kwa Kiswahili. Hata 'mwongoza ndege' lastahili kuhojiwa, kwani mtu huyo haendeshi chombo. Hutoa idhini na kuzitenganisha ndege.

Tarakimu nazo zangoja mchunguzi. Kiingereza cha redio hurefusha tamko la tisa lisidhaniwe tano. Kwa Kiswahili, penye mkwaruzo wa redio, wenye kushukiwa kwanza wangekuwa nne na nane.