Mota Inaamkaje?

Mwezi uliopita nilialikwa Lugoba kwenye uzinduzi wa krasha jipya la kokoto. Jenereta ya kVA 500 inang'aa kwa rangi, kebo zimelala kwenye trei bila hata pindo moja, kila ncha ina lebo. Mota ya kilowati 132 ikawashwa, ikapanda mwendo papo hapo, wageni wakapiga makofi na mkandarasi akapongezwa kwa kazi safi. Mimi nikazunguka nyuma nikachungulia ndani ya kinga. Mikanda ilikuwa imevuliwa! Mota ilikuwa ikizunguka peke yake, yale magurudumu mazito ya krasha yametulia tuli.

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Kulikuwa na mafundi vijana pale waliopiga picha kila kona ili wakaige.

Kwa kawaida mtu huanza na ampea, na si vibaya. Mota hiyo kwa volti 400 hula ampea 233 hivi ikiwa na mzigo kamili. Anafungua jedwali, anaona kebo ya shaba ya milimita 95 za mraba inabeba karibu 290, moyo unatulia. Mwenye bidii zaidi hupiga hesabu ya volti zinazopotea njiani: kwa mita 180 za kebo kutoka jenereta hadi mota ni volti 17 au 18, chini ya asilimia 5, anafunga daftari. Hesabu yake ni sahihi kwa mota ambayo tayari inazunguka. Lakini mota huanza ikiwa imesimama.

Ikiamka, hula mara sita au saba ya kawaida yake. Hii ya Lugoba inafika ampea 1,500. Pawa fakta wakati huo iko karibu na 0.3, kwa hiyo mzigo unaielemea alteneta kuliko injini. Utasikia injini ikinguruma kwa raha huku volti zinaporomoka, na asiyejua atasema jenereta ina nguvu. Isitoshe, nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: zikibaki asilimia 80, nguvu iliyobaki ni 64 tu.

Wiki mbili baadaye niliitwa tena. Kontakta ya delta ilikuwa imeungua, ikabadilishwa. Safari hii mikanda ilikuwa imefungwa. Niliweka mita mbili zinazokumbuka kiwango cha chini kabisa, moja kwenye paneli ya jenereta, nyingine ndani ya kisanduku cha mota, nikaomba wawashe. Kwenye paneli volti zilishuka hadi 302. Kwenye mota, 258. Hiyo ni chini ya asilimia 42 ya nguvu ya kuzungusha, na kwa nguvu hiyo wanataka kuamsha tani za chuma!

Mkandarasi akajitetea: "Mzee, tumeweka stadelta, ampea zinagawanywa kwa tatu." Ni kweli, na nguvu ya kuzungusha nayo inagawanywa kwa tatu. Krasha halifiki popote kwenye sta. Taima ikiisha, delta inaipiga mota ambayo bado inajikokota, na zile ampea zote zinarudi kwa mkupuo. Tazama taa. Zikipepesa mara mbili, na mara ya pili zikafifia kuliko ya kwanza, stadelta hiyo ni pambo.

Haya nilifundishwa Tanga, kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, na fundi mkuu ambaye hakuwahi kuniambia neno kabla hajaniona nikifikiri. Kando ya kila mota kubwa alining'iniza balbu ya kawaida ya waya, ameiunga kwenye kisanduku cha mota yenyewe. Wakati wa kuwasha aliipa mota mgongo akaitazama balbu. "Mwanangu," aliniambia, "mota haijui jenereta yako ni kubwa kiasi gani. Inajua kilichofika mlangoni kwake." Mota zake zilikuwa za slip ringi, zinawashwa kwa rezistansi ya maji iliyoungwa kwenye rota, ampea za kuamka hazikuzidi sana mara mbili, na balbu ilitikisika kidogo tu. Brashi zilitaka kusafishwa kila wiki, nasi tulizisafisha. Siku hizi fundi hataki kitu cha kusafisha.

Alikuwa pia na mzani. Kebo mpya ikija, alikata mita moja, akavua kondakta moja akaipima. Shaba ya milimita 95 za mraba hukaribia gramu 850 kwa mita. Siku moja ikaja ya gramu 600 na kidogo, yenye chapa ya 95 ubavuni. Aliirudisha roli nzima siku hiyohiyo, na dereva hajala. Alumini iliyopakwa shaba aliijua kwa kukwaruza kisu. Kibati cha jenereta alikisoma akitafuta kVA za kazi ya kila siku, maana wauzaji hupenda kutaja zile za dharura, na kwa viwanda vya chai vya Njombe alipunguza tena kwa sababu ya mwinuko.

Mimi nina masharti yangu. Mota inayozidi kilowati 90 haifungwi kwenye kebo moja. Ziwe mbili, zimekatwa urefu uleule, hata kama kipande kizuri kitabaki bila kazi. Volti za kuamka zikishuka chini ya 340 kwenye kisanduku cha mota, sisaini. Alteneta isiyo na PMG, ile jenereta ndogo ya sumaku inayolisha msisimko wake hata volti zikiporomoka, siigusi. Na lagi iliyozungushiwa tepu ili kuficha ilivyobanwa inanitosha kukataa kazi yote kabla sijafungua begi la mita.

Mwenye krasha aliponiuliza afanye nini, nilimshauri aagize mota ya slip ringi. Bado zinatengenezwa, na kwa gurudumu zito hakuna dawa inayoishinda. Ameagiza. Nimemwomba siku ya majaribio asialike mtu mpaka mimi niwe nimefika, na nikague mikanda kwa mkono wangu.