Mwalimu Anayejua Kumweleza Mzazi

Ukitaka kujua kama shule ya msingi hapa Lubumbashi inawaeleza wazazi vizuri habari za masomo, usianze na buletini ya matokeo. Omba daftari la hesabu la mtoto wa mwaka wa tatu, lifungue katikati, kisha tazama mwalimu ameandika nini pale mtoto alipokosea.

Tuseme mtoto amepewa 52 – 38, akajibu 26. Mwalimu wa kawaida atapiga mstari mwekundu na kuandika 4/10 juu ya ukurasa. Mzazi akiona hivyo anajua kitu kimoja tu, kwamba mtoto ameshindwa. Atamgombeza, au atamhimiza aongeze bidii, na kesho mtoto atakosea vilevile. Mwalimu stadi analisoma lile jibu lenyewe. Mtoto hakubahatisha: ametoa 2 kwenye 8, akatoa 3 kwenye 5. Katika kila safu ameondoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, maana bado hajaelewa kukopa. Basi mama akipita kumchukua mtoto, mwalimu huyo atamwambia kwa Kiswahili cha hapa kwetu, ambamo kutoa ni “kutosha”: “Mama, mutoto anajua kuongeza, ila kutosha bado. Namba ya juu ikikuwa kidogo, anageuza. Leo mangaribi mumupatie vijiti makumi tano na mbili, atoshe makumi tatu na munane. Mumuache ahesabu mwenyewe.”

Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, na mama ameshajua mtoto anaweza nini, anakwama wapi, na amepewa kazi inayofanyika jikoni bila kununua chochote. Kipimo changu kikubwa ni hicho: mzazi akishasikia habari, ana la kufanya usiku huohuo?

Buletini ina kazi yake, siidharau. Mwaka wa shule ya msingi una mihula mitatu, kila muhula una vipindi viwili na mtihani, na chini ya masomo yote kuna asilimia, nafasi ya mtoto darasani, bidii, mwenendo, na mahali pa sahihi ya mzazi. Macho ya wazazi wengi hukimbilia nafasi. “Amekuwa wa ngapi?” Swali hilo linaulizwa katika mitaa ya Katuba, Kamalondo na Kampemba vilevile. Lakini nafasi inaeleza zaidi habari za watoto wengine kuliko za mtoto wako. Anaweza kuwa wa tano katika darasa ambalo wengi hawajui kusoma, naye pia asijue. Tena tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, madarasa mengi ya shule za umma yamefurika, na nafasi katika umati huo inakuambia kidogo zaidi.

Kwa hiyo ukishika buletini, pitia mistari kwa upana, kipindi hadi kipindi, uone somo gani linashuka. Kisha nenda kwenye bidii na mwenendo. Ukikuta B, B, B, B, B, B (yaani “bon”, vizuri) toka kipindi cha kwanza hadi cha sita, kwa wino mmoja na mkono usiotetereka, uwezekano ni mkubwa kwamba zimejazwa siku moja. Alama zinazopanda na kushuka ndizo za mwalimu aliyemtazama mtoto. Na proklamasio, yaani kutangazwa kwa matokeo mwisho wa mwaka, pamoja na shangwe zake zote, ni habari inayofika kazi ikiwa imekwisha. Mzazi akigundua siku hiyo kwamba mtoto hasomi vizuri, ameshapoteza mwaka mzima.

Jambo la lugha linaniuma zaidi. Sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na kwetu Haut-Katanga lugha hiyo ni Kiswahili. Hata hivyo buletini inaandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi barua za shule pia. Katika nyumba nyingi anayemsomea mama barua ile ni mtoto mwenyewe, yuleyule anayelalamikiwa ndani yake. Unaweza kufikiri anasoma nini na anaruka nini. Shule nzuri inalijua hilo. Inahakikisha neno zito linasemwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, mtu mzima kwa mtu mzima.

Zamani umbali kati ya shule na nyumbani ulikuwa mfupi. Katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni iliyomlipa baba ndiyo iliyoendesha shule, na habari ya mtoto mtoro haikulala njiani. Mfumo huo ulikuwa na ukali wake, siutamani wote. Lakini ulidhoofika miaka ya 1990, na mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kwa utaratibu ulioitwa wa hiari. Leo baba yuko mgodini Kolwezi wiki tatu, mama yuko soko la mtaa wa Kenya toka alfajiri. Mkutano wa wazazi unaoitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi unawapata wale wasio na shida. Ukiona shule imeweka saa ambayo mama wa sokoni anaweza kufika, hata mara chache kwa mwaka, ihesabie alama nyingi. Na ukifika, sikiliza ajenda: kama ni michango toka mwanzo hadi mwisho, huo ni mkutano wa pesa.

WhatsApp imesaidia, kwa masharti. Kundi la darasa lililojaa matangazo ya sare na salamu za asubuhi halielezi masomo. Lakini mwalimu akituma picha ya ukurasa mmoja wa daftari pamoja na sauti fupi, baba aliye mgodini anaona mwandiko wa mwanawe na kusikia amekwama wapi. Picha hiyo iende kwa mzazi mmoja. Makosa ya mtoto kubandikwa mbele ya wazazi arobaini ni kumvunjia heshima, na mzazi aliyeaibishwa hivyo hatauliza tena chochote.

Hapo kuna alama ambayo wengi hawaitazami: je, habari ina njia ya kurudi kwa mwalimu? Sahihi ya mzazi chini ya zoezi inathibitisha tu kwamba kalamu ilipita. Tafuta mahali ambapo mzazi amejibu, hata kwa mwandiko mbaya, hata kwa mkono wa dada mkubwa: “Tulifanya na vijiti, aliweza hadi makumi tatu, kisha alichoka.” Halafu geuza kurasa mbili tatu mbele uone kama mwalimu alilifanyia kazi jibu lile, kama zoezi lililofuata lilianza na namba zilizo chini ya thelathini.

Septemba, siku ya kuandikisha, mkurugenzi atakuonyesha majengo na asilimia za waliofaulu mtihani wa taifa wa mwaka wa sita. Msikilize kwa heshima, kisha umwombe daftari moja la mwaka uliopita, la mtoto asiyekuwa wa kwanza wala wa mwisho, jina likiwa limefunikwa.