Nimeisoma "Mambo 23" nikiwa Kayanga

Leo sichambui kitabu wala jarida. Nachambua kozi, tena ya zamani, ya mwaka 2006, iliyotungwa Charlotte, North Carolina, huko Marekani. Nimeikuta ndani ya faili la kijani kwenye maktaba ya shule moja ya sekondari wilayani Karagwe. Nilikuwa maeneo ya Kayanga kwa kazi zangu za utafiti, nikaomba kiti na kivuli. Msimamizi wa maktaba ile, ambaye hapa nitamwita Dada kwa sababu ndivyo ninavyomwita, akanitolea karatasi nne za fotokopi. "Mdogo wangu, wewe umesoma. Hivi vitu bado vipo?" Alizipata kwenye semina miaka mingi iliyopita, akaambiwa afanye yote 23. Alifanya mawili.

Kwa asiyeijua, hiyo ndiyo orodha ya "Mambo 23". Aliyeitunga ni Helene Blowers, aliyekuwa anasimamia teknolojia katika maktaba za umma za Charlotte na Mecklenburg. Wafanyakazi wake walikuwa wanaulizwa maswali ya mitandao na wasomaji wao, na wengi hawakuwa hata na blogu. Badala ya kuwaitia mwalimu na projekta, akawapa orodha ya mambo madogo 23 ya kufanya wenyewe kwa muda wa wiki tisa: fungua blogu yako, pandisha picha Flickr, panga vitabu vyako LibraryThing, hariri ukurasa wa wiki, tazama YouTube. Aliyemaliza kwa wakati alipewa kicheza muziki cha MP3. Kozi iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo maktaba nyingi duniani ziliinakili na kuibadilisha. Waireland waliita yao Rudaí 23. Neno hilo kwa Kiairishi maana yake ni "vitu", ingawa mimi kila nikiliona nasoma "rudia" na naona linafaa pia.

Niseme kwanza ninachokipenda, maana kuna watu wa fani yetu wanaoicheka kozi hii bila kuifungua. Blowers alielewa jambo ambalo semina zetu nyingi hazijalielewa mpaka leo, kwamba mtu mzima hajifunzi mtandao kwa kuangalia slaidi. Anajifunza kwa kugusa, kukosea, kucheka na kugusa tena. Hakukuwa na mtihani. Mlinzi, mpanga vitabu na mkurugenzi wote walipewa orodha ileile. Kila ulichojaribu ulitakiwa uandike kimekuchosha wapi na kimekufurahisha wapi. Linganisha na semina ya Dada, ambako kompyuta zilikuwa chache, mtoa mada ndiye aliyeshika mausi siku nzima, na jioni watu wakasaini posho.

Sasa nije kwenye lawama.

Lawama ya kwanza ni rahisi na wengi wameshaisema: vifaa vimekufa. Delicious, ya kuhifadhi viungo vya tovuti, iliuzwa ikauzwa tena, na mwaka 2017 ikaacha kupokea viungo vipya. Technorati iliacha kuorodhesha blogu mwaka 2014. Mtetezi wa kozi atakwambia kifaa siyo hoja, hoja ni ujasiri wa kujaribu, na ujasiri haufungwi na kampuni. Nakubali nusu. Tatizo ni kwamba karatasi ikisafiri bila mtu aliyeielewa, kinachofika ni majina ya vifaa tu. Falsafa ilibaki Charlotte. Kayanga ilifika orodha.

Lawama ya pili ni bei. Kozi ilijengwa kwa mtu mwenye kompyuta mezani, intaneti isiyohesabiwa, na mwajiri anayemlipa anapochezea. Dada anatumia simu yake na bando lake. Video moja ya namba 20 ingemla salio la siku mbili. Na namba 3, "fungua blogu", inayoonekana nyepesi kuliko zote? Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni hapa Tanzania zilimtaka mwenye blogu kuomba leseni TCRA, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni zimeshabadilishwa tangu hapo, lakini jaribu kuwaza: zoezi la wiki ya pili, la kuzoeana tu na teknolojia, linagharimu zaidi ya mshahara wa miezi kadhaa wa msaidizi wa maktaba. Simlaumu Blowers kwa sheria zetu. Nawalaumu walioitoa fotokopi bila kusoma namba 3 kwa macho ya hapa.

Lawama ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike, na inabidi nirudi Januari 2025.

Dada hakujifunza mitandao ya kijamii semina. Alijifunza kwenye kikundi cha VICOBA, ambako yeye ni mweka hazina. Huko ndiko alikojua kutuma sauti, kupiga skrinshoti ya muamala, kumtoa mtu kwenye grupu. Wazazi, walimu na majirani wakawa wanamtumia kila kitu kinachowatia shaka: dawa ya unyanjano wa migomba, nafasi za kazi, tangazo la mkopo. Swali ni moja daima: "Wewe wa maktaba, hii ni kweli?" Msomaji, hiyo ndiyo huduma ya marejeo ya Karagwe. Haina kaunta.

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuna washukiwa wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na vifo. Siku mbili hivi baadaye Waziri wa Afya akasema sampuli zilizopimwa hazina virusi. Dada, kwa nia njema kabisa, akasambaza kauli ya waziri na kuandika juu yake: "Tusitishane, ni uongo." Tarehe 20 Rais Samia akathibitisha mgonjwa mmoja Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, waliothibitishwa walikuwa wawili na waliodhaniwa wanane, na wote kumi wamefariki.

Unaweza kufikiri walivyomwandama. Kuna jirani aliyemwambia amelipwa kuficha. Na uoga haukuwa wa aibu peke yake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inafanya kuchapisha taarifa za uongo kuwa kosa. Mtu wa maktaba mwenye simu yenye kioo kilichopasuka akawa analala akiwaza jela kwa kusambaza kauli ya waziri.

Je, alikosea wapi? Nimelitafakari hili sana. Chanzo kilikuwa halali. Alichokosea ni kusoma majibu ya maabara kama hukumu. Sampuli ikiwa hasi, maana yake ni kwamba sampuli ile, iliyochukuliwa siku ile, haikuonyesha virusi. Haisemi wilaya nzima ni salama, na haisemi kitu kuhusu mtu atakayeugua keshokutwa, maana Marburg inaweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kutokea. Hayo anaweza kufundishwa kwa dakika kumi. Pekua mambo yote 23: hakuna hata moja linalogusa namna ya kupima taarifa inayobadilika.

Na hapa nina ugomvi hasa. Namba 15 ya kozi inakupeleka kwenye makala kuhusu maktaba mpya. Mojawapo ni ya Rick Anderson, anayetaja "milima ya barafu" mitatu ambayo maktaba iikwepe: kukusanya vitabu kwa tahadhari tu, kutegemea kuwafundisha wasomaji, na kusubiri wasomaji waje. Kwa wa tatu namuunga mkono kwa mikono yote miwili. Mkulima wa Kyerwa hawezi kupanda bodaboda mpaka Kayanga kuuliza swali. Redio ya jamii ya FADECO, hapahapa Karagwe, imekuwa ikimfuata mkulima nyumbani kwa sauti. Ila huo wa pili? Hoja yake ni kwamba walimu hawatoshi, basi huduma iwe nyepesi kiasi kwamba haihitaji mafunzo. Tumeipata huduma hiyo, inaitwa WhatsApp. Haihitaji mafunzo kabisa, na ndiyo maana sauti ya mtu asiyejulikana inapita vijiji kumi kabla ya chai.

Ukifika Murongo, mpakani kabisa kule Kyerwa, simu inaweza kukukaribisha Uganda kabla hujavuka mto. Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana. Tarehe 30 Januari mwaka huohuo Uganda ikatangaza Ebola Kampala. Basi sauti za Ebola ya Kampala zikaingia kwenye magrupu yaliyokuwa bado yanajadili Marburg ya Biharamulo, bila tarehe, bila mahali, dalili zikifanana, na watu wakadhani ni ugonjwa mmoja unaozunguka.

Dada alijinasua namna gani? Kwa kitu cha kizamani kuliko vyote alichonacho, yaani kadi ya katalogi. Siku hizi hasambazi chochote bila kuandika juu yake mistari mitatu: nani kasema, lini, kuhusu wapi. Kukiwa na taarifa mpya anaandika "toleo la pili" na kuirejea ile ya kwanza, haifuti. Nilipomuuliza kwa nini haifuti akanishangaa. "Kwani kitabu kikitoka toleo jipya unachoma la zamani?" Lile neno "ni uongo" halitumii tena. Anaandika "mpaka jana jioni".

Hilo halikutoka kwenye orodha. Na kuna namna kozi ile, pamoja na uchangamfu wake wote, ilimfanya aone ujuzi wake wa katalogi ni vumbi la kupanguswa ili aanze upya na vitu vya kung'aa. Kwa macho yangu hilo ni kosa kubwa kuliko viungo vilivyokufa.

Bado nadhani kozi inafaa kurudiwa kuandikwa, kwa Kiswahili, leseni yake inaruhusu. Ningeondoa kama kumi na tano hivi. Ningeacha uchezaji, ningeacha kutokuwa na mtihani, na ningeweka sauti, stetasi na grupu mahali pa blogu. Dada ana maoni tofauti. Anasema nisiondoe namba 11, LibraryThing, maana ndiyo moja ya zile mbili alizofanya, aliingiza vitabu 40 kabla bando halijakata. Nimeangalia: tovuti ipo hai. Nenosiri amelisahau. Nikirudi mwezi ujao tutajaribu kulirudisha, yeye atatoa chai, mimi bando.