Haki Iliyoachwa Barazani

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inaanza kwa ukarimu. Kifungu chake cha malengo kinataja haki ya kila mtu nchini Tanzania kupata huduma ya maji iliyo bora na endelevu. Mpangaji wa chumba kimoja Kariakoo, Dar es Salaam, akikisoma, anajiona yumo.

Lakini tuangalie haki hiyo imewekwa wapi. Kazi ya malengo ni kuongoza usomaji wa vifungu vingine. Peke yake hayamwamuru mtu. Tukifika kwenye majukumu ya mamlaka za maji, muundo wa sentensi unabadilika. Mamlaka inatakiwa kuhakikisha maji yanaendelea kupatikana kwa matumizi yote halali, kutunza vyanzo, kupanga miradi mipya. Wajibu upo, ila hautajwi unadaiwa na nani. Ni kama nyumba ya Kiswahili: haki imekaribishwa barazani, bomba liko uani.

Uingereza iliandika tofauti. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Sekta ya Maji ya 1991 kinamtaja mdai: mmiliki wa jengo au anayekaa humo, liwe jengo zima au sehemu yake tu. Taarifa yake ya maandishi ndiyo inayoamsha wajibu wa kampuni kumuunganishia. Kifungu cha 51 kinaweka muda, unaohesabiwa kwa siku. Kisha sheria inatamka kwamba wajibu huo ni deni kwa mtoa taarifa mwenyewe, na akipata hasara kwa kucheleweshewa anaweza kushtaki. Masharti na gharama vipo; hata hivyo kila sentensi ina mdai, mdaiwa na muda.

Tofauti hii ina uzito mkubwa Kariakoo. Nyumba za vyumba sita zimebomolewa, ghorofa zimepanda, maduka chini, stoo na familia juu. Mara nyingi mita ni moja, kwa jina la mwenye nyumba. Mpangaji anachangia bili kila mwezi, lakini deni la mwenye nyumba likisababisha maji yakatwe, yeye si mteja. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatangaza mgawo, wenye visima na matangi makubwa walikuwa na pa kushika. Asiye navyo alinunua maji kwa dumu.

Wapo watakaosema kifungu hakizalishi maji. Ni kweli. Lakini kifungu huamua nani anasikilizwa maji yanapokosekana au bomba linapopita mtaani bila kuingia ndani. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inapokea malalamiko ya watumiaji, na lalamiko hupata nguvu pale sheria inapotaja wajibu pamoja na anayeudai.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo marekebisho ya Sheria ya 2019 yanaweza kuandikwa kwa maneno ambayo mpangaji atayaelewa bila wakili. Bunge liongeze kifungu kimoja: mkaaji wa nyumba, au wa sehemu ya nyumba, akiomba kwa maandishi na kutimiza masharti, mamlaka itamuunganishia maji ndani ya siku zilizotajwa, na ikishindwa bila sababu ya msingi, itamlipa fidia yeye mwenyewe. Hapo haki iliyotajwa kwenye malengo itakuwa na mtu wa kuidai na siku ya kuidai.