Nafsi ya Msemaji katika Shairi la Du Fu la Usiku wa Mbalamwezi

Mwaka 756 mshairi wa Kichina Du Fu (712–770) alikamatwa na waasi wa An Lushan alipokuwa njiani kumfuata mfalme mpya, akazuiliwa katika mji mkuu wa Chang'an. Mkewe na watoto wao wadogo alikuwa amewaacha Fuzhou, upande wa kaskazini (si Fuzhou ya pwani ya kusini, ambayo jina lake huandikwa kwa herufi nyingine). Huko kizuizini alitunga shairi la mistari 8, kila mstari silabi 5, yaani silabi 40 kwa jumla. Ubeti mmoja wa shairi letu la mizani 16 una 64. Katika ufinyu huo amemweka mke aliyetengwa na mumewe kwa vita, na maneno yote ni ya mume.

Washairi wanaume wa enzi ya Tang walizoea kutunga malalamiko ya mke aliyeachwa chumbani, na Wang Changling na Li Bai walifanya hivyo kwa ustadi. Lakini mke wa tungo hizo huwa mke yeyote. Du Fu amsema mkewe mwenyewe, na badala ya kutuambia kwamba yeye amkumbuka, atuonyesha jinsi anavyokumbukwa. Mwezi uliokuwa juu ya kichwa chake haumo katika shairi. Uliomo ni ule wa Fuzhou.

Kitenzi cha kutazama katika mstari wa pili hakina alama yoyote ya mtendaji. Kichina chaweza kunyamaza hapo, Kiswahili hakiwezi. Mfasiri aandikapo "anautazama" amekwisha kuwatenga wawili hao kwa silabi moja. Hata hivyo hasara yetu ni ndogo kuliko ya Kiingereza, ambacho hulazimika kutaja pia kama mtazamaji ni mwanamke au mwanamume. A- yetu haisemi hivyo, na msomaji hungoja hata nywele zitajwe katika mstari wa tano.

Shida kubwa zaidi imo katika mstari wa nne. Je, watoto hawajui bado kuikumbuka Chang'an, au hawafahamu kwa nini mama yao aikumbuka? Wafafanuzi wamegawanyika. Tukiandika "hawaijui kumbukumbu ya Chang'an", maana zote mbili zabaki, ingawa sentensi yenyewe si laini. Ningependa ukavu huo kuliko kulifunga jambo ambalo mshairi aliliacha wazi.

Mkono uliofananishwa na kito ni pambo la kawaida la tungo za chumbani, nami silisifu kwa ajili yake lenyewe. La kusifiwa ni unyevu wa nywele na ubaridi wa mkono, kwani hivyo vyatuambia kwamba mke amekaa mwezini kwa saa nyingi, bila saa hizo kutajwa. Aliye mbali hawezi kuujua ubaridi wa mkono. Du Fu ausema kama aliyeugusa.

Neno du, "peke", la mstari wa pili lajibiwa na shuang, "wawili", katika mstari wa mwisho, ndani ya swali la lini watakuwa pamoja. Hapa Kiswahili chapata faida. Mfasiri akijizuia kutumia tu- katika mistari sita ya kwanza, kisha akaandika "tutaegemea", silabi hiyo moja itafanya kazi ya shuang. Akiongeza "sisi sote wawili" ataiharibu.

Machozi nayo yatajwa mwishoni tu, na ni machozi yatakayokauka. Du Fu alitoroka mwaka 757 na kuwafikia jamaa zake mwaka huohuo, akaandika mashairi matatu juu ya kijiji cha Qiang. Katika la kwanza mke na watoto wastaajabu kumwona hai, kisha wafuta machozi. Humo pia mke hasemi neno.